Makofi kwa Wakwe wa Jovina

Kate, Ufipa, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Abeli,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimeiitikia mapema tusipoteze karatasi. Wifi yangu Lydia hajambo? Na huko Dodoma kwenu jua limepungua, au bado mnakaangwa? Sisi huku tunashukuru. Mvua haijatuangusha, mahindi yamefika kiunoni, ulezi nao umeota vizuri. Ng'ombe wa Kalisti ameingia shambani kwangu mara mbili, na mara zote mbili Kalisti anasema si wake. Kwaresima inaanza Jumatano, kwa hiyo nimemsamehe mpaka Pasaka.

Wakwe watarajiwa wa mwanangu Jovina, wale wa Chala, walikuja Jumapili iliyopita kama tulivyopanga. Walikunywa chai. Wakaondoka.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Tangu Desemba bega langu la kulia linanitesa. Nilidhani ni jembe, nikajipaka mafuta, wapi! Mwezi wa kwanza ndio likanishika kweli. Kuvaa gauni ni vita, na kulalia upande huo siwezi. Nikashuka Sumbawanga, wakanipiga picha ya eksirei, daktari akanionyesha kitu cheupe ndani ya bega, kama punje ya harage. Akasema ni chokaa. Chokaa, Abeli! Nikamwuliza, hii hii ya kupaka nyumba? Akasema si hiyo, lakini imejikusanya kwenye kano, ile kamba inayoshika nyama kwenye mfupa, na ndiyo inayowaka hivyo. Jirani yangu Silvana anasema imetoka kwenye dagaa wa Kasanga, kwa sababu nawatafuna na mifupa yao. Nimeacha dagaa wiki ya tatu sasa na bega halina habari.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Zenon, huyu anayenunua mahindi kwetu na kupeleka Sumbawanga, ameniambia ulipasuliwa bega mwezi wa kwanza, kwa ugonjwa huu huu. Zenon ndiye anijulishe kuwa ndugu yangu wa tumbo moja amepasuliwa? Hivi una akili sawasawa? Niandikie kila kitu, walikufanya nini na umeponaje.

Usinipigie simu. Simu anakaa nayo Jovina, na ujumbe ananisomea yeye kwa sababu herufi za simu ni ndogo kwa macho yangu. Jovina hajui chochote kuhusu bega na sitaki ajue. Mpe barua kondakta wa basi, Zenon ataichukua stendi ya Sumbawanga.

Dada yako anayekupenda ingawa hustahili,
Cornelia


Dodoma, 3 Machi 2024

Dada Cornelia, shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Sisi wazima. Lydia anakusalimia sana na anasema vitenge vya harusi ameshaviona dukani, anasubiri utaje rangi. Jua lipo palepale ulipoliacha. Mwandiko usikushtue, nimeandikia gotini.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikutaka uanze kunililia wakati una maandalizi. Na kwa kweli hapakuwa na cha kulilia. Nililazwa, nikachomwa nusu kaputi, nikalala kama mtoto. Walinitoboa matundu mawili madogo, moja la kamera, jingine la kifaa chao, wakaikwangua ile chokaa yote wakaitoa. Wiki ya tatu nilikuwa juu ya ngazi napaka dari ya watu. Mkono kama wa kijana wa JKT!

Daktari alitaka kwanza anifanyie kwa sindano. Anakutia ganzi begani tu, anaangalia ndani kwa ultrasaundi, anaingiza sindano mpaka kwenye chokaa, anasukuma maji na kuyavuta, yanatoka nayo. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi rangi miaka ishirini na sita. Ukuta wenye rangi mbovu hatuoshi, tunakwangua. Akacheka, akaniandikia upasuaji.

Dagaa kula. Nilimwuliza daktari hilo, akasema chokaa hii haitokani na chakula, mwili wenyewe unaitengeneza na hata wao hawajui vizuri kwa nini. Silvana anawataka dagaa wako, mchunguze.

Wakwe wameenda vizuri? Umeandika chai tu. Wewe wa kuandika chai tu?

Mdogo wako,
Abeli


Kate, 2 Aprili 2024

Abeli mdogo wangu,

Heri ya Pasaka kwako na kwa wifi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Jirani yetu Beda alisoma somo la kwanza akaruka mstari, akarudi, akauruka tena. Kalisti nimeshaacha kumsamehe.

Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye koti la Zenon. Koti lenyewe Beda aliliazima kwenda nalo msibani, na Beda hakutazama mfukoni, anasema ana adabu zake. Nilipoipata niliisoma mara tatu. Dagaa nimewarudia. Silvana amenuna.

Wiki ya Mateso nilienda Mbeya kwa daktari wa mifupa. Jovina nilimwambia naenda kumsalimia binamu yetu Winifrida, na kweli nililala kwake, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa nusu tu. Huyo daktari ni mpole, anazungumza taratibu. Akasema mama, wengine chokaa hii huondoka yenyewe wakivumilia, lakini inaweza kuchukua hata miaka. Wapo wanaopigwa na mashine ya mawimbi juu ya bega, ila pale hawana. Iliyopo ni kuosha kwa sindano, au kupasua. Akasema yeye angeanza na sindano.

Nikamwambia, ukuta wenye rangi mbovu hatuoshi, tunakwangua. Akacheka. Abeli, wewe niambie, maumivu yanayonifanya nishindwe kufunga khanga yangu mwenyewe yatatokea kwenye tundu la sindano? Mimi nataka harage hili likatwe, litoke, liishe kama lako. Nimepangiwa tarehe 30 mwezi huu.

Nijibu haraka jambo moja. Baada ya kupasuliwa, ni siku ngapi mpaka uweze kupiga makofi? Si ya kanisani. Nasema yale ya kwetu, umepiga magoti, mikono yote miwili, taratibu, kama anavyopokelewa mtu mzima. Nitajie siku kamili.

Ya Jovina yamepoa kidogo. Ndiyo kawaida.

Na mwandiko wako! Ulikuwa wa kwanza darasa zima. Mwalimu Oswaldi angeuona leo angekurudisha la pili. Tafuta meza.

Dada yako,
Cornelia


Dodoma, 10 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Huku wote wazima, Pasaka tulikula kuku. Barua imefika kwa siku sita, mpe hongera Zenon na koti lake.

Dada yangu, usiwe na haraka na kisu. Daktari amesema aanze na sindano, mwache aanze na sindano. Wao ndio wamesoma. Yale niliyosema ya ukuta yalikuwa maneno ya fundi, si ya daktari. Umri nao haufanani, wewe una hamsini na tisa. Hebu mwambie umebadili mawazo.

Makofi ya nini? Nani anakusubiri umpigie makofi?

Abeli


Kate, 19 Aprili 2024

Abeli,

Salamu ni za wifi, wewe zako zimeisha.

Umenikasirisha. Ulikatwa, ukapona wiki tatu, ukapanda ngazi. Ikija kwangu mimi, "usiwe na haraka." Umri! Mkono wako ni wa kijana wa JKT, mimi nioshwe kama sufuria? Siku zangu zinahesabika na wewe unanipa maneno ya kuzungukazunguka. Kwenye barua ya kwanza ulijua mpaka idadi ya matundu, hii ya pili hujui hata siku ya kupiga makofi.

Haya, nitakwambia makofi ya nini. Keti.

Ile Jumapili wakwe walipokuja, bega lilikuwa limeniwakia tangu alfajiri. Nilikuwa nimeukumbatia mkono ndani ya khanga kama mtu aliyeficha kuku wa wizi. Wakaingia wale watu, baba Kelvin na mama Kelvin, yule Tereza, wazazi wa mchumba wa Jovina, pamoja na shangazi wawili wa Kelvin. Wazee wa watu, Abeli, wamevaa vizuri, wakapiga magoti palepale uani, wakanipigia makofi kwa heshima zote. Na mimi nikainama tu. Nikainama, nikasema karibuni. Mkono haukutoka kwenye khanga. Nilijaribu, naapa, nikaona giza.

Wewe umezaliwa Ufipa, sihitaji kukueleza. Kama ningewafungia mlango ingekuwa afadhali. Mama Kelvin alinitazama mara moja, hakunitazama tena mpaka anaondoka. Wiki iliyofuata mshenga akaja na ujumbe kwamba mama wa binti hakutupokea, kwa hiyo tunaelewa kwamba hataki. Wamesimamisha kila kitu. Jovina alidhani ni mambo ya Kwaresima, sasa hajui adhani nini. Kelvin wa watu ananyamaza, na mimi nanyamaza.

Utaniuliza kwa nini sikusema bega linauma. Kwa sababu Jovina alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe. Unakumbuka alikuwa aolewe mwaka juzi. Baba yake alipougua, akaahirisha ili anisaidie kumwuguza. Baba yake alipofariki, akaahirisha ili asiniache peke yangu. Yule mvulana wa kwanza hakusubiri. Abeli, mwanangu ana miaka thelathini na moja. Akijua mama yake hawezi kuinua mwiko wa ugali, ataahirisha tena, na atafanya hivyo akitabasamu, na mimi nitakuwa nimemzika mtoto wangu ndani ya nyumba yangu. Sitaki. Bora wakwe wanione nina kiburi kuliko yeye anione mgonjwa.

Kwa hiyo nakwenda kukatwa tarehe 30. Ukihesabu wiki tatu kama zako, mwisho wa Mei nitakuwa mzima. Nitakwenda mwenyewe mpaka Chala, nitapiga magoti uani kwa Tereza, nitampigia makofi mpaka mikono iwe myekundu. Usinizuie.

Cornelia


Dodoma, 24 Aprili 2024

Dada yangu Cornelia, shikamoo.

Nimepiga simu mara mbili tangu barua yako ifike. Mara zote amepokea Jovina. Ya kwanza nimemwuliza mvua, ya pili nikamwuliza mvua tena. Ameanza kunishangaa. Umenikataza Jovina asijue, basi naandika, na kondakta nimemwomba amkabidhi Zenon mkononi, isikae kwenye koti lolote.

Nilikudanganya. Sijapanda ngazi. Tangu Januari sijashika brashi. Mwandiko huu unaouona ni wa mkono wa kushoto, dada. Barua zote tatu nimeandika kwa kushoto, kwa sababu wa kulia nikiandika mistari mitano bega linakaza na vidole vinatetemeka. Lydia ndiye ananifunga vifungo vya shati. Ile kazi ya dari alipewa fundi mwingine.

Usimlaumu daktari, hana kosa. Chokaa aliitoa yote, picha nimeiona, bega lilikuwa limebaki safi. Mwenye kosa ni mimi. Waliniambia mkono ukae kwenye kitambaa shingoni wiki kadhaa, halafu nianze mazoezi kwa mtaalamu wa viungo kila wiki, miezi. Mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo, mdogo kuliko Jovina, ananiambia "baba, hebu tembeza vidole ukutani kama buibui." Mimi, fundi, nitembeze vidole ukutani! Nikaona nimeshakatwa, kazi imekwisha. Sikurudi. Bega likaganda. Sasa naufikisha mkono kifuani, basi.

Nilijisifu kwako kwa sababu niliona aibu. Na nilipoona unataka kwenda kukatwa kwa ajili ya maneno yangu, niliogopa, lakini aibu ikawa bado kubwa kuliko hofu. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Upasuaji si mbaya, watu wengi wanapona nao, lakini hata ukifuata masharti yote, mwisho wa Mei utakuwa bado umefunga mkono shingoni. Makofi hutapiga. Sindano inaweza kukuuma vibaya siku chache, na wengine hurudia. Ila ikikataa, kisu kipo, kitakusubiri. Ukianza na kisu huwezi kurudi nyuma ukasema naomba ile sindano.

Na mwambie Jovina. Umemficha bega ili asiahirishe harusi, na harusi imesimama kwa sababu umemficha bega. Nimeandika sentensi hiyo kwa mkono wa kushoto kwa dakika tano nzima, kwa hiyo isome polepole.

Mdogo wako mwongo,
Abeli


Kate, 12 Mei 2024

Abeli,

Zenon alileta barua yako Jumapili tarehe 28 baada ya misa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwahi, na mimi nilikuwa nimeshaondoka Jumamosi kwenda Mbeya. Akampa Jovina.

Jovina akaifungua. Anasema mjomba hawezi kuuliza mvua mara mbili kwa wiki moja bila sababu. Kesho yake jioni nipo kwa Winifrida namenya ndizi kwa mkono mmoja, nikaona mtu anaingia na begi. Hakunisalimia. Aliniwekea barua magotini, akakaa chini kwenye mkeka, akalia. Mimi nikalia. Winifrida naye akalia, na wala hakujua sababu.

Aliponyamaza akaniambia, "Mama, mimi sikuahirisha kwa sababu yako. Mara ile ya kwanza nilikuwa simpendi." Miaka miwili, Abeli! Nimebeba dhambi isiyo yangu miaka miwili. Nilitaka kumchapa, mkono ukakataa.

Asubuhi akanipeleka kwa daktari, akamwambia mama amechagua sindano. Daktari akaniuliza, na ule ukuta je? Nikamwambia fundi wa huo ukuta amefukuzwa kazi.

Nililala chali, wakanipaka jeli ya baridi, bega langu likatokea kwenye kioo, na lile harage likaonekana. Ganzi ilichoma, baada ya hapo nilisikia kusukumwa tu. Maji yaliingia meupe, angavu, yakarudi kwenye bomba kama maji unayooshea brashi zako. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Haikufika hata saa moja. Niliomba wanifungie niende nayo nyumbani nikamwonyeshe Silvana, wakakataa. Wakanichoma dawa ya kupoza uvimbe. Daktari alisema limebaki kidogo, mwili utalimaliza wenyewe, na kama halitaisha tutarudia.

Siku tatu za kwanza nilikulaani wewe na sindano yako. Siku ya tano nilifunga khanga mwenyewe. Nilikaa kitandani nikaifungua, nikaifunga tena.

Jovina amemweleza Kelvin, Kelvin amemweleza mama yake. Tereza ametuma neno kwamba watakuja tarehe 16 Juni. Lakini mshenga ananiambia huko Chala wapo wanaosema bega ni kisingizio. Kwa hiyo nafanya mazoezi. Nilipewa karatasi yenye picha, natembeza vidole ukutani kama buibui, kila asubuhi, bila kumwonea mtu aibu. Na wewe je?

Uongo wako nimeusamehe. Kifungo cha shati ndicho kimeniliza.

Dada yako,
Cornelia


Kate, 18 Juni 2024

Abeli,

Hujajibu. Nakuandikia hivyohivyo, maana jambo lenyewe siwezi kulikalia.

Wamekuja. Nilikuwa nimewachinjia mbuzi, Silvana alisonga ugali wa ulezi, Kalisti alileta maziwa na hakusema ni ya ng'ombe gani. Nikawasubiri uani, palepale. Tereza alikuwa mbele, uso umefungwa. Majirani wote wamesimama kwenye ua wanajifanya wanaanika mahindi.

Nikapiga magoti kabla yao. Nikautoa mkono kwenye khanga. La kwanza halikutoa sauti, nilisikia vizuri kwamba halikutoa sauti. La pili likasikika. La tatu, la nne, taratibu, kama mama alivyotufundisha, kichwa chini. Bega lilikuwa linanivuta, sikufichi, lakini si maumivu ya kukataza.

Tereza akaja mbio akanishika mikono. "Inatosha, mama Jovina, tumeona, usijiumize." Nikamwambia, "Niachie, mama. Haya ni ya Februari, bado ya leo."

Akaniachia. Halafu akapiga magoti mbele yangu, akaanza na yeye, na wale shangazi, na baba Kelvin kule nyuma. Tulipiga mpaka chai ikapoa. Jovina alikuwa amesimama na sinia lake analia hadharani, Kelvin anamfuta kwa leso, na Beda akasema hajawahi kuona wakwe wanapokelewa hivi tangu azaliwe.

Harusi ni Jumamosi tarehe 14 Septemba. Baba yake hayupo, kwa hiyo atakayesimama upande wetu kuwapokea watu wa Chala ni mjomba. Yaani wewe. Sikwambii zaidi.

Cornelia


Dodoma, 11 Agosti 2024

Dada Cornelia, shikamoo.

Tunaendelea vizuri. Lydia amenunua kitenge cha kijani, amesema amechoka kusubiri utaje rangi. Baridi ya Dodoma imekwisha kabla sijavaa sweta.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa sina cha kusema ambacho si uongo. Barua yako ya Juni niliisoma, nikaiweka mfukoni, kesho yake nikarudi kwa yule binti wa viungo. Sikueleza nilikuwa wapi na yeye hakuuliza. Akanisimamisha ukutani, akasema haya baba, buibui. Vidole vikapanda vikaishia kwenye swichi ya taa. Akachora mstari kwa penseli, akaandika tarehe.

Nyumbani nimechora na mimi, ukutani sebuleni, ukuta niliopaka mwenyewe. Lydia alipoona mistari alitaka kunifukuza, sasa yeye ndiye anayechora. Ipo ishirini na tatu. Wiki hii imevuka kichwa changu. Yule binti anasema kazi bado, pengine hadi mwisho wa mwaka, na kwamba ningeanza kwa wakati ningekuwa nimemaliza. Ananisema hivyo kila wiki na kila wiki naitikia ndiyo mama.

Kuanzia hapa, dada, tazama mwandiko.

Huu ni wa kulia. Juzi nilijaribu mistari saba na vidole vikatulia. Mwalimu Oswaldi anaweza kunirudisha darasani kwangu.

Tumekata tiketi, tutafika Sumbawanga Alhamisi tarehe 12 Septemba, mwambie Zenon atusubiri stendi na atupakie pamoja na magunia yake.

Jana asubuhi nilipiga magoti sebuleni peke yangu, nikatazama upande wa kwetu, nikajaribu. La kwanza kama lako, halikutoa sauti. Nikarudia. La tatu likalia, Cornelia, likalia kabisa. Nikaendelea taratibu, kichwa chini, kama mama alivyotufundisha.

Lydia alikuwa jikoni. Akaitikia kwa nguvu, "Karibuni! Abeli, hebu fungua mlango, kuna wageni kutoka nyumbani."

Nikamwambia ni mimi.

Mdogo wako,
Abeli